CHUO KILICHOJENGWA NA WAKULIMA
Historia ya Chuo cha Luther katika mji wa Decorah, Marekani

Watu wengi wakisikia habari za vyuo vya Marekani hudhani kwamba vyote vilianzishwa na matajiri au na serikali. Kweli viko vilivyoanzishwa hivyo, navyo vina sifa kubwa ulimwenguni. Lakini katika nchi zile za ngano na mahindi zilizo katikati ya Marekani viko vyuo vingine, vidogo, ambavyo fedha za kuvianzisha zilitoka mikononi mwa wakulima waliokuwa bado wakilala katika nyumba za magogo. Kimoja cha vyuo hivyo ni Chuo cha Luther, kilicho katika mji mdogo wa Decorah, upande wa kaskazini-mashariki wa jimbo la Iowa. Kilifunguliwa mwaka 1861, mwaka ule ule ambao Wamarekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, nacho kingaliko hata leo.

Historia yake yafaa ijulikane na kila mtu aliyepata kutoa mchango wa kujenga shule. Maana inaonyesha kwamba kusimamisha kuta na kuezeka paa si kazi ngumu kupita zote. Kazi ngumu zaidi ni kupatana, kizazi baada ya kizazi, juu ya mambo haya: shule ni ya nani, ifundishe nini, ifundishe kwa lugha gani, na nani aruhusiwe kuingia mlangoni.

WATU WALIOVUKA BAHARI

Waliojenga chuo hiki walikuwa Wanorwe. Nchi ya Norwe ina milima mingi na ardhi chache ya kulima. Shamba la baba likigawanywa kwa wana wawili au watatu, kila mmoja alibaki na kipande kisichoweza kumlisha yeye na watoto wake. Mwaka 1825 meli ndogo iliyoitwa Restauration iliondoka katika bandari ya Stavanger ikiwa na watu hamsini na kitu, ikavuka bahari mpaka New York. Hao walikuwa wa kwanza wa msafara mrefu. Katika miaka 100 iliyofuata, Wanorwe zaidi ya 800,000 waliihama nchi yao, na wengi sana wakafanya makao katika majimbo ya Wisconsin, Iowa na Minnesota.

Yafaa ikumbukwe kwamba ardhi hiyo haikuwa bila wenyewe. Jina la mji wa Decorah latokana na Waukon Decorah, mkuu wa kabila la Winnebago, ambao kwa lugha yao hujiita Ho-Chunk. Watu wa kabila hilo waliondolewa Iowa na serikali ya Marekani mwaka 1848, na mwaka uliofuata walowezi wa kwanza wakaanza kujenga mji. Wanorwe walifika muda mfupi baadaye, wakakata miti, wakavunja ardhi kwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wakapanda ngano.

Kwao Norwe watu hao walikuwa wafuasi wa kanisa la Kilutheri, lililokuwa kanisa la serikali. Mchungaji alisomeshwa katika chuo kikuu, akapewa mshahara na nyumba. Huku Marekani hapakuwa na kitu kama hicho. Watoto walizaliwa, vijana wakataka kuoana, wazee wakafa, na mchungaji aliye karibu huenda yuko safari ya siku kadhaa. Mwaka 1853 Mchungaji Ulrik Vilhelm Koren alifika kutoka Norwe akaanza kazi karibu na Decorah. Sharika zake zilikuwa zimetawanyika mbali mbali, naye hakuwa na mwenzake jirani. Mwaka huo huo wachungaji wachache na sharika zao waliungana wakaunda Sinodi ya Kinorwe.

Sinodi iliandika barua nyingi Norwe kuomba wachungaji. Waliokubali kuja walikuwa wachache. Hapo wakulima wakaanza kutambua kwamba anayengoja kulishwa na wengine hulala na njaa. Ikiwa wanataka wachungaji na walimu, itawabidi wawasomeshe vijana wao wenyewe.

UGOMVI JUU YA UTUMWA

Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kutosha kujenga, walianza kwa kupanga kwa wengine. Mwaka 1857 Sinodi iliamua kuwatuma vijana wake katika chuo cha Walutheri wa Kijerumani kilichoitwa Concordia, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, na kumweka huko mwalimu wake mmoja. Mwaka 1859 kazi hiyo ilipewa mchungaji kijana, Laur. Larsen, aliyezaliwa Kristiansand, Norwe, mwaka 1833. Mpango ulikuwa mzuri na wa gharama ndogo. Lakini Missouri lilikuwa jimbo lililoruhusu utumwa.

Vita vilipoanza mwezi wa Aprili 1861, chuo cha St. Louis kilifungwa kwa muda, na Bwana Larsen na wanafunzi wake wakarudi kaskazini. Huko walikuta wakulima wamekasirika. Gazeti la Kinorwe lililoitwa Emigranten liliuliza waziwazi: je, walimu hao wa St. Louis, ambao tunawakabidhi vijana wetu, wana mawazo gani juu ya utumwa na juu ya wale walioasi serikali? Jibu la Bwana Larsen halikuwaridhisha wasomaji. Katika mkutano wa Sinodi wa mwaka huo huko Wisconsin, wachungaji walitoa tamko kwamba utumwa ni ubaya na ni adhabu kutoka kwa Mungu, na dhambi zinazotendwa ndani yake ni za kulaumiwa. Lakini kwa kufuata Maandiko hawawezi kusema kwamba kuwa na mtumwa ni dhambi kwa yenyewe.

Wakulima hawakukubali. Wengi wao hawakuwa wamesoma Kigiriki wala Kiebrania, lakini walijua maana ya kutoka katika nchi ambayo mkulima mdogo aliinama mbele ya wakubwa. Waliona kwamba kumnunua na kumwuza binadamu hakuwezi kupatana na dini waliyofundishwa na mama zao. Mchungaji mmoja, Claus Clausen, aliyekuwa ametia sahihi tamko lile, alilifuta jina lake. Baadaye alikuwa mchungaji wa kikosi cha 15 cha Wisconsin, kikosi ambacho askari wake karibu wote walikuwa watu wa Norwe na nchi jirani zake. Mkuu wa kikosi hicho, Kanali Hans Christian Heg, aliyekuwa adui mkubwa wa utumwa, aliuawa katika mapigano ya Chickamauga mwaka 1863.

Ugomvi huo uliendelea kwa miaka mingi hata baada ya watumwa kuachiliwa, na mwaka 1868 Mchungaji Clausen akajitenga na Sinodi. Lakini katika mkutano ule ule wa mwaka 1861 jambo moja lilipatikana ambalo pande zote mbili zililitaka. Mkutano ulikata shauri kwamba vijana wasirudishwe St. Louis kwa masomo yao ya kwanza. Wanorwe watakuwa na shule yao wenyewe, nayo itaanza mara moja.

SHULE NDANI YA NYUMBA YA MCHUNGAJI

Shule ilifunguliwa mwezi wa Septemba 1861 katika nyumba ya mchungaji iliyokuwa haina mtu, mahali panapoitwa Halfway Creek, karibu na mji wa La Crosse huko Wisconsin. Wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza walikuwa 16. Walimu walikuwa wawili, Bwana Larsen na Bwana F. A. Schmidt. Walimu na jamaa zao na wanafunzi wote walisongamana katika nyumba hiyo moja.

Mwaka 1862 shule ilihamishiwa Decorah, kwa sababu Wanorwe wengi walikuwa wakisonga magharibi na mji huo ulikuwa katikati ya makao yao. Kwa miaka mitatu masomo yalifanywa katika jengo la mjini lililokuwa hoteli. Wakati huo Mchungaji Koren alikuwa amekwisha kuchagua uwanja juu ya kilima kando ya mto Upper Iowa, mahali penye hewa safi na miti mizuri. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1864, na tarehe 14 Oktoba 1865 jengo kubwa likafunguliwa mbele ya maelfu ya watu waliokuja kwa magari ya ng'ombe na farasi.

Msomaji afikiri ilikuwa miaka ya namna gani. Vita vilikuwa vikiendelea. Vijana wenye nguvu za kulima wengi walikuwa askarini. Bei za vitu zilikuwa zimepanda. Hata hivyo sharika, moja moja, ziliandika majina ya watoaji na kiasi alichoahidi kila mmoja, na fedha zilikusanywa mavuno baada ya mavuno. Hakupatikana tajiri mmoja wa kulipa gharama yote. Haba na haba ilijaza kibaba, na ndiyo maana kila mmoja aliyetoa alijiona ana haki ya kuuliza habari za shule ile.

MAANA YA MAARIFA YA JUMLA

Huenda mtu akauliza: ikiwa haja ilikuwa wachungaji, kwa nini wasifundishwe dini peke yake, wamalize upesi na kwenda kazini? Waanzilishi walikataa njia hiyo ya mkato. Wao wenyewe walisomeshwa Norwe kwa desturi ya kale, na waliamini kwamba kijana lazima kwanza ajengwe akili yake yote kabla hajafundishwa kazi moja. Kwa hiyo Chuo cha Luther hakikuwa shule ya wachungaji. Kilikuwa chuo cha maarifa ya jumla. Wanafunzi walisoma Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kijerumani, Kinorwe na Kiingereza, pamoja na historia, hesabu na dini. Aliyetaka kuwa mchungaji alikwenda mahali pengine kusomea uchungaji baada ya kumaliza. Aliyetaka kuwa mwalimu, mwanasheria, tabibu au mwandishi wa gazeti alikwenda njia yake, hali amepata msingi ule ule.

Namna hii ya vyuo ni ya Kimarekani hasa. Chuo chenyewe ni kidogo, wanafunzi wengi hulala hapo hapo, na mwalimu humjua mwanafunzi kwa jina. Mtu hujifunza mambo mengi kwa miaka minne: lugha, sayansi, muziki, historia, habari za dini na za utawala. Wanaosifu elimu hiyo husema kwamba kazi za dunia hubadilika, lakini aliyefundishwa kusoma vema, kuandika vema na kupima maneno anaweza kujifunza kazi yo yote. Wanaoilaumu husema kwamba ni ghali na haimpi mtu ufundi mkononi. Mabishano hayo hayajakwisha.

Bwana Larsen aliongoza chuo tangu mwaka 1861 mpaka 1902, yaani miaka 41. Alifundisha, aliangalia tabia za wanafunzi, alihesabu fedha, na kwa miaka mingi aliandika pia gazeti la kanisa. Alikuwa mtu wa amri na utaratibu, na si wote waliopenda utaratibu huo. Mwaka 1865 mwanafunzi mmoja, Rasmus Anderson, mtoto wa wakulima wa Wisconsin, alifukuzwa kwa kuongoza wenzake kudai mabadiliko. Kijana huyo hakupotea. Alikuja kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaanzisha huko mafundisho ya lugha za Norwe na nchi jirani zake, na tangu mwaka 1885 mpaka 1889 alikuwa balozi wa Marekani katika nchi ya Denmark.

SHULE YA KANISA AU SHULE YA WOTE

Bwana Anderson huyo huyo alikuwa mmoja wa wapinzani wakubwa wa wachungaji katika shauri jingine. Serikali za majimbo zilikuwa zimefungua shule za watoto wote, zinazolipiwa kwa kodi. Wachungaji wa Sinodi walizitilia shaka, kwa kuwa hazikufundisha dini na kwa kuwa watoto wangesahau lugha ya wazazi. Walitaka kila usharika uwe na shule yake. Wakulima wengi walijibu kwamba wamekwisha kulipa kodi ya shule na hawawezi kulipa mara mbili; tena watoto wao watakuwa raia wa Marekani, na mtoto asiyejua Kiingereza vizuri atabaki nyuma siku zote katika biashara na barazani.

Katika shauri hili wakulima walishinda kwa vitendo kuliko kwa maneno. Waliwapeleka watoto katika shule za serikali, na wakati wa likizo wakawafundisha dini na Kinorwe. Lakini hawakukiacha chuo. Waliona kwamba shule ya chini inaweza kuwa ya watu wote, na bado kikawako chuo kimoja cha juu ambapo watoto wao watapata elimu pasipo kuona haya kwa asili yao. Mwaka 1877 chuo kilianza kukusanya vitu vya kale vya Wanorwe waliohama: masanduku yaliyopakwa rangi, vyombo vya mbao, nguo, majembe. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa jumba la makumbusho liitwalo Vesterheim, ambalo leo husimama mbali na chuo katika mji wa Decorah na kutembelewa na watu kutoka nchi nyingi.

Miaka ya 1880 ilileta taabu nyingine. Wachungaji wa Sinodi waligombana juu ya fundisho la Mungu kuwachagua watu kwa wokovu. Bwana Schmidt, mwalimu wa pili wa siku zile za Halfway Creek, sasa alikuwa mkuu wa upande wa pili. Mwishowe karibu theluthi ya Sinodi ilijitenga, na michango yao ya kukilisha chuo ikaenda pamoja nao. Kisha, mwezi wa Mei 1889, lile jengo kubwa likateketea kwa moto. Watu wengine waliona kwamba huo ndio mwisho, au kwamba chuo kihamishiwe mji mwingine. Lakini sharika zilichanga tena, na mwaka uliofuata jengo likasimama juu ya kilima kile kile.

LUGHA YA MAMA NA LUGHA YA NCHI

Swali la lugha lilizidi kuwa gumu kadiri miaka ilivyopita. Wazee waliozaliwa Norwe walisali, walihesabu na waliota ndoto kwa Kinorwe. Katika Decorah lilipigwa chapa gazeti la Kinorwe, Decorah-Posten, lililoanzishwa mwaka 1874 na kusomwa na watu wengi katika majimbo yote waliyokaa Wanorwe. Lakini wajukuu walicheza kwa Kiingereza. Mwaka 1914 bendi ya chuo ilisafiri mpaka Norwe, nchi hiyo ilipokuwa ikisherehekea miaka 100 ya katiba yake. Vijana waliopiga tarumbeta siku hizo katika miji ya babu zao walikuwa Wamarekani tayari.

Miaka minne baadaye pigo lilitoka nje. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu, na hasira juu ya Ujerumani ikawa hasira juu ya lugha zote za kigeni. Mwezi wa Mei 1918 Gavana wa Iowa, William Harding, alitoa amri kwamba Kiingereza peke yake kitumiwe shuleni, katika mazungumzo ya hadhara, katika magari ya moshi, katika simu, na hata katika mahubiri ya kanisani. Wasiojua Kiingereza waliambiwa waabudu nyumbani mwao. Wanorwe hawakuwa maadui wa Marekani. Vijana wao walikuwa wakipigana Ufaransa katika jeshi lake. Hata hivyo bibi kizee aliyetaka kusikia neno la Mungu kwa lugha aliyoizaliwa nayo alihesabiwa kuwa mvunja amri.

Vita vilipokwisha, na amri hiyo ikaondolewa. Lakini mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Katika miaka iliyofuata Kiingereza kilitawala chuoni na kanisani, na Kinorwe kikawa somo kati ya masomo mengine. Gazeti la Decorah-Posten lilidumu mpaka mwaka 1972, likafungwa. Wako waliosema kwamba chuo kimewasaliti wazee. Wako waliosema kwamba kama kingeng'ang'ania lugha moja kingekufa pamoja na wasemaji wake. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, na kabila lo lote linalosomesha watoto wake kwa lugha ya wengine linajua uzito wa jambo hilo.

MABINTI WANAINGIA

Chuo kilianzishwa kwa wavulana peke yao, maana kusudi la kwanza lilikuwa wachungaji, na wachungaji wa siku zile walikuwa wanaume. Binti za wakulima wale wale walifanya kazi mashambani, walikamua ng'ombe na kuuza siagi, na sehemu ya fedha iliyojenga chuo ilitoka katika jasho lao. Lakini hawakuweza kusoma humo. Chuo kingine cha Wanorwe, St. Olaf katika mji wa Northfield, Minnesota, kilipokea wavulana na wasichana tangu kilipofungua milango yake mwaka 1875. Luther iliendelea na desturi yake kwa miaka 75.

Kilichoibadilisha ni fikira mpya pamoja na njaa. Baada ya mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, bei ya mahindi na nguruwe ikashuka, mabenki yakafungwa. Mkulima asiyeweza kulipa deni la shamba hakuweza kumlipia mwanawe karo. Chuo kilikuwa na madeni na wanafunzi wachache. Wakati huo kilianzishwa mjini Decorah chuo kidogo cha wanawake, na mwaka 1936 Luther yenyewe ikawapokea wanawake. Wazee waliohofu kwamba elimu ingeshuka walikosea. Baadaye chuo kilikubaliwa katika Phi Beta Kappa, jumuiya ya kale ya Marekani ambayo huingiza vyuo vyenye elimu bora peke yake. Na mwaka 2014 mwanamke, Bibi Paula Carlson, alichukua kiti cha uongozi ambacho Bwana Larsen alikikalia kwa miaka 41.

Jengo kubwa liliteketea mara ya pili tarehe 31 Mei 1942, wakati wa vita vingine vya dunia, wanafunzi wengi wakiwa jeshini. Baada ya vita serikali ya Marekani iliwalipia askari wa zamani masomo yao, na vyuo vikajaa. Luther ilijenga tena. Wakati huo huo muziki wake ulianza kusikika mbali. Mwaka 1948 mwalimu mmoja, Weston Noble, mtoto wa wakulima wa Iowa aliyesoma hapo hapo, alianza kuongoza bendi na kwaya. Aliendelea kuongoza kwaya mpaka mwaka 2005, na kwaya yake iitwayo Nordic ikajulikana katika Marekani yote na ng'ambo.

HALI ILIVYO SASA

Mwaka 2011 chuo kilipotimiza miaka 150, Mfalme Harald na Malkia Sonja wa Norwe walikuja Decorah. Watu waliohama kwa kukosa shamba walikuwa wameacha kitu ambacho mfalme wa nchi waliyoihama alivuka bahari kukitazama.

Lakini isidhaniwe kwamba mambo yamekuwa mepesi. Vijana wa mashamba ya Iowa ni wachache kuliko zamani, karo imepanda, na vyuo vikuu vya serikali vina nafasi nyingi. Wanafunzi wa Luther waliwahi kuzidi 2,000. Leo hawafiki idadi hiyo. Ndugu zake kadhaa wamekwisha kufa. Chuo cha Upsala, kilichoanzishwa na Walutheri wa Uswidi mwaka 1893, kilifungwa mwaka 1995. Chuo cha Dana cha Wadenmark, kilichoanzishwa mwaka 1884 huko Nebraska, kilifungwa mwaka 2010. Chuo cha Suomi, ambacho Wafini waliochimba shaba huko Michigan walikianzisha mwaka 1896 na ambacho baadaye kiliitwa Finlandia, kilifungwa mwaka 2023. Hivyo navyo vilijengwa kwa senti za maskini, navyo viliombewa kila Jumapili. Mwanzo mwema peke yake haukutosha kuviokoa.

Kwa nini Luther imedumu? Hakuna sababu moja. Uongozi wa miaka mingi wa mtu mmoja hodari ulisaidia, na ukarimu wa sharika ulisaidia zaidi. Lakini katika habari hizi zote jambo moja limerudi mara kwa mara. Wakulima walitoa fedha, kisha hawakunyamaza. Waliwahoji wachungaji juu ya utumwa. Waliwabishia juu ya shule za watoto. Walilia juu ya lugha. Na kila shauri lilipokwisha, mlango wa chuo ulikuwa umefunguka kidogo zaidi, na waliogombana walitia mkono mfukoni tena kulipa mchango.

Wako watu wanaofikiri kwamba mtu anayeuliza maswali juu ya shule ya kijiji ni adui wa shule hiyo. Wakulima wa Decorah waliuliza maswali kwa miaka mingi, na jengo lao lilipoungua mara mbili, mara zote mbili wao na watoto wao walilijenga upya.